Nyumba ya Mama: Urithi wa Nyumba Katika Nchi ya Turkana



Mgeni akifika Lodwar akaomba aonyeshwe nyumba ya zamani ya jamaa fulani, huenda akapelekwa mahali pasipo na nyumba yo yote. Ataonyeshwa mafiga matatu yaliyofunikwa nusu na mchanga, au mawe machache yaliyopangwa duara, au mti wa ewoi wenye kivuli kipana, na mwenyeji wake atasema pasipo kusita kwamba hapo ndipo ilipokuwa nyumba ya nyanya yake. Mgeni atadhani anafanyiwa mzaha. Ikiwa ametoka Lamu au Mombasa au Unguja, kwake nyumba ya zamani ni kuta za mawe, mlango wa nakshi, na karatasi za kadhi zinazoonyesha nani alimwuzia nani. Hapa kuta ni kitu kipitacho. Fito za mwaka juzi zimekwisha kuliwa na mchwa, na za mwaka jana ziliachwa ng'ambo ya mto watu walipohama na mifugo. Hata hivyo nyumba ipo, na watu waijua ni ya nani sasa, na kabla yake ilikuwa ya nani.

Mazungumzo haya yanahusu nyumba ya namna hiyo, na wenyewe wanaoipokea mmoja baada ya mwingine. Tena yanahusu mambo yaliyotokea nyumba hiyo ilipopata kuta za mawe na mabati katika miji ya Lodwar na Kakuma. Si habari za kuburudisha tu. Ugomvi juu ya viwanja vya mjini wafika kwa chifu na mahakamani, na mara nyingi wagombanao ni watoto wa baba mmoja, ambao wasingegombana hata kidogo kama kilichoachwa kingalikuwa ngamia na mbuzi peke yake.

Yafaa kwanza kueleza nyumba yenyewe. Makazi ya Mturkana mwenye mke na mifugo huitwa awi, yaani boma zima pamoja na mazizi yake na ua wa miiba. Ndani ya awi kila mke ana mahali pake. Ana akai, kibanda cha kulala kilichoinama kama kikapu kilichofunikwa, nacho hujengwa kwa fito na kuezekwa kwa majani ya mkoma au kwa ngozi. Tena ana ekol, kibanda cha mchana cha kupikia, kukalia kivulini na kuwekea vyombo. Vyote viwili hujengwa na mwanamke kwa mikono yake. Yeye ndiye akataye fito, ndiye azikunjaye na kuzifunga kwa kamba, na siku ya kuhama ndiye apakiaye punda vyombo, ngozi na watoto wadogo. Mume hana kibanda chake peke yake. Hulala katika akai ya mkewe. Kwa hiyo mtu akiuliza, "Nyumba hii ni ya nani?" jibu huwa ni jina la mama.

Desturi hii ina mizizi mirefu. Wazee wa Turkana, na wa Jie walioko Karamoja katika Uganda, husimulia habari za mwanamke mmoja mzee aliyeitwa Nayeche. Yasemekana aliondoka kwa Wajie akateremka upande wa mashariki kwa kuufuata mto Tarach, akawa akiishi kwa matunda ya mwituni katika nchi isiyo na watu. Vijana wa Kijie, wakifuata nyayo za fahali aliyepotea, wakamkuta kwake akiwa na shibe, naye akawaonyesha wingi wa matunda na malisho. Wakarudi kuwaita wenzao, na hao ndio walioanza taifa la Waturkana. Kilima kiitwacho Moru Anayeche, yaani mlima wa Nayeche, kiko huko juu karibu na chimbuko la Tarach, na maji ya mto huo, mvua inaponyesha, ndiyo yapitayo Kakuma. Kama mambo yalikuwa hivyo kwa kila neno, hilo waachiwe wataalamu wa historia. Lakini yafaa iangaliwe kwamba taifa linalojulikana kwa vijana wake hodari na kwa mafahali wake lilichagua kusema kwamba nyumba yake ya kwanza ilikuwa ya bibi kizee.

Sasa, nyumba hii isiyo na ukuta hurithiwaje? Jibu liko zizini. Mwenye awi ndiye bwana wa mifugo yote: ngamia, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Lakini huigawa kwa kila mke wanyama wa kukamua, na tangu siku hiyo wanyama hao na uzao wao huhesabiwa kuwa wa nyumba ya mama huyo. Maziwa yao hulisha watoto wake. Mwanawe akitaka kuoa, hutazamiwa kwanza kwao. Binti yake akiolewa, ingawa mahari hugawiwa watu wengi, nyumba ya mama yake na ndugu zake wa tumbo moja hutazamia fungu lao. Baba akifa, wana wa mama huyu hawachukui wanyama wa mama yule. Kila tumbo hubaki na zizi lake.

Bwana P. H. Gulliver, mtaalamu aliyekaa katika nchi hii karibu na mwaka 1950 akichunguza desturi, aliandika kitabu kilichotoka London mwaka 1955 akiwalinganisha Waturkana na Wajie. Aliona ya kuwa Wajie, ambao hulima na kukaa mahali pamoja, hushikamana ukoo mzima mpaka wajukuu wa babu mmoja. Bali Waturkana, kwa sababu ya ukame unaowalazimu kutawanyika, hugawanyika mapema. Ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali huachana baada ya baba kufa. Ndugu wa mama mmoja hukaa pamoja zaidi, mpaka kila mmoja amepata mke na kuanza awi yake. Ni jambo la kutia maanani. Nchi yenye mvua huruhusu watu wengi kumiliki kitu kimoja. Nchi kavu hudai kwamba mtu ajue mapema mbuzi wake ni yupi, maana asubuhi njia zaweza kuachana.

Wako wageni wanaoona kugawanyika huko kuwa ni upungufu wa umoja. Si kweli. Umoja umewekwa mahali pengine. Kila mtu ana emachar, yaani ukoo pamoja na chapa ya moto inayopigwa juu ya mifugo yake, na mwanamke akiolewa huingia katika emachar ya mumewe. Tena wanaume wote wa nchi hii wamegawanyika mafungu mawili, Ngimor, yaani Mawe, na Ngirisae, yaani Chui. Na mwana hawi kamwe katika fungu la baba yake. Baba akiwa Jiwe, mwana ni Chui, na mjukuu hurudi kuwa Jiwe kama babu. Kwa hiyo ukipanga majina ya wenye awi tangu babu wa kale hadi leo, utaona Jiwe, Chui, Jiwe, Chui, kama nyayo za mguu wa kuume na wa kushoto katika mchanga. Hayo ndiyo maandishi ya nyumba yao, na mtoto wa miaka kumi aweza kuyasoma.

Ichukuliwe sasa jamaa moja kwa mfano. Haitatajwa kwa jina, kwa kuwa imetungwa ili kueleza desturi, lakini kila mtu wa Lodwar atasema anaifahamu.

Mzee wa jamaa hiyo alikuwa na wake watatu. Mke wa kwanza alikaa sana upande wa Kakuma, karibu na Tarach, akazaa watoto watano. Wa pili alikaa upande wa Turkwel na mbuzi wengi, akazaa watoto watatu. Wa tatu aliolewa katika uzee wa mumewe, akiwa msichana wa mjini, akazaa wawili. Awi ilihama mara nyingi zisizohesabika. Kama mzee angalikufa kabla ya kujua mji, wazee wangalikaa chini ya mti siku moja au mbili wakamaliza. Angalizikwa katika awi yake, mawe yakawekwa juu ya kaburi, na watu wakahama. Kila mama angaliondoka na wanyama wa nyumba yake na wanawe. Bila shaka pangalikuwako na manung'uniko juu ya ngamia fulani, kwa maana wanadamu ni wanadamu, lakini hakuna ambaye angaliuliza ni nani arithiye akai. Akai ilikuwa ya mama aliyeijenga, na fito zake zingalibaki hapo zikaoza.

Lakini mzee huyo aliujua mji, na hapo ndipo kisa kinapokuwa kigumu.

Mji wa Lodwar ulikua polepole. Nchi hii ilikuwa chini ya askari kwa miaka mingi, na utawala wa kiraia ulianza mwaka 1926. Mwaka 1933, yasimuliwa, mfanya biashara Shah Mohamed alifika ukingo wa Turkwel na punda wake akaanza duka, na maduka mengine yakafuata. Zilijengwa nyumba chache za serikali. Mojawapo ya nyumba za Lodwar ilipata sifa duniani: Mzee Jomo Kenyatta, alipomaliza kifungo chake Lokitaung mwaka 1959, aliletwa kuzuiliwa Lodwar, na mkewe Mama Ngina akaja kukaa naye hapo, mpaka alipohamishiwa Maralal mwaka 1961. Nyumba hiyo ina ukuta na ina historia, lakini haina nyumba katika maana ya Kiturkana, kwa sababu hakuna mama aliyeijenga wala mwana aliyeirithi. Waliokaa ndani yake walikaa kwa amri.

Kwa Waturkana wenyewe nyumba ya ukuta iliingia kwa mlango wa njaa. Ukame wa mwaka 1960 na 1961 uliwaua wanyama wengi, na watu walikusanyika katika makambi ya chakula. Mwaka huo wa 1961 mapadre Wakatoliki wakaanza kazi yao, na shule na zahanati zikafuata. Ulikuja tena ukame wa mwaka 1979 hadi 1981, ambao Waturkana huuita Lopiar, kwa maana ulifagia. Watu waliokuwa na mazizi yaliyojaa walisimama kwenye safu wakiwa na bakuli mikononi. Barabara ya kutoka Kitale ilitengenezwa katika miaka hiyo, magari yakaleta saruji na mabati, na aliyekuwa na watoto shuleni akaanza kufikiri kwamba yafaa awe na mahali mjini.

Ndivyo alivyofikiri mzee wa mfano wetu. Akauza mbuzi arobaini, wote wa nyumba ya mke wa pili, kwa sababu ndiyo nyumba iliyokuwa karibu na soko. Akapewa kiwanja na Halmashauri, akajenga vyumba vitatu vya matofali na kuezeka mabati. Karatasi ya kiwanja iliandikwa jina moja tu, jina lake. Hakufanya ujanja wo wote. Fomu ilikuwa na mstari mmoja, naye akauliza wapi aweke kidole gumba.

Mstari huo mmoja ndio uliogeuza mambo. Zizini mbuzi wale walikuwa wa nyumba ya mke wa pili. Katika karatasi walikuwa wamegeuka kuwa matofali ya mume. Mke wa pili hakuona tofauti. Aliendelea kusema "nyumba yetu", na alikuwa na haki kusema hivyo kwa desturi aliyoijua. Mkewe wa tatu ndiye aliyekaa humo, akalea watoto wake humo, akatengeneza paa lilipong'olewa na upepo. Naye alisema "nyumba yetu". Wana wa mke wa kwanza, huko Tarach, walisema vivyo hivyo, kwa kuwa mama yao ndiye mkubwa. Mzee alipokuwa hai, maneno hayo yote matatu yaliweza kukaa pamoja chini ya mabati yale. Alipofariki, hayakuweza.

Sheria yasemaje? Hapa wasikilizaji na wategee sikio, kwa sababu wengi hawajui kwamba katika nchi ya Turkana marehemu mmoja huacha mali yake chini ya sheria mbili. Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inasema katika vifungu vyake vya 32 na 33 kwamba katika wilaya kadhaa zilizotajwa, Turkana ikiwa mojawapo, mifugo na mashamba ya kilimo ya mtu aliyekufa bila wasia hugawanywa kwa desturi ya watu wake. Lakini kiwanja kilicho ndani ya mji si shamba la kilimo. Hicho kimo katika sheria kuu. Kwa hiyo mbuzi walio nyuma ya nyumba ya mzee hugawanywa kwa njia moja, na nyumba yenyewe kwa njia nyingine, ingawa nyumba hiyo ilikuwa mbuzi jana tu.

Na jambo la ajabu ni hili: waliotunga sheria hiyo, walipofika kwenye habari za mtu mwenye wake wengi, hawakupata neno lililo bora kuliko lile la Waturkana. Kifungu cha 40 kinaagiza kwamba mali igawanywe kwanza kati ya "nyumba", wakimaanisha kila mama na watoto wake. Tofauti iko katika hesabu. Kwa desturi nyumba huchukua kilichotoka katika zizi lake. Kwa sheria nyumba huchukua kwa kadiri ya idadi ya watoto, na kila mjane aliye hai akiongezwa kama mtoto mmoja. Basi katika jamaa ya mfano huu hesabu ni mafungu 13. Nyumba ya kwanza, watoto watano na mama yao, hupata mafungu 6. Nyumba ya pili, ambayo mbuzi wake ndio walionunua matofali, hupata mafungu 4. Na nyumba ya tatu, inayokaa humo, hupata mafungu 3. Ni rahisi kuona kwamba kila mmoja atatoka mahakamani akiwa amekunja uso: wa kwanza kwa sababu hakai mjini wala hajapata kukaa, wa pili kwa sababu ya mbuzi wake arobaini, wa tatu kwa sababu hana mahali pengine pa kulala.

Yako mambo mawili ambayo desturi na sheria hupishana kabisa. La kwanza ni mabinti. Kwa desturi binti hapokei zizi la baba yake, kwa kuwa atakula katika zizi la mumewe. Sheria husema "mtoto", basi, wala haiulizi kama ni wa kike au wa kiume, na Katiba ya mwaka 2010 imetilia nguvu neno hilo ikisema kwamba desturi yo yote inayopingana nayo haina nguvu. La pili ni ndoa isiyokamilika. Ndoa ya Kiturkana hukamilika kwa mahari kutolewa na ng'ombe wa harusi kuchinjwa, na mpaka hapo watoto huhesabiwa kuwa wa nyumba ya baba ya mama yao. Mjini vijana wengi wamekaa miaka na kuzaa bila ng'ombe huyo, si kwa dharau bali kwa sababu hawana mifugo. Wana wa mke wa kwanza wakitaka kumwondoa mke wa tatu, hoja yao ya kwanza ni hiyo: "Ng'ombe wake hatukumla." Hoja hiyo ina nguvu chini ya mti. Mahakamani, mtoto ambaye marehemu alimkubali na kumlea kuwa wake ni mtoto wake, na fungu lake li palepale.

Yasidhaniwe kwamba desturi ndiyo katili na sheria ndiyo yenye huruma, au kinyume chake. Mke wa pili angalihifadhiwa vizuri na desturi kuliko na sheria. Mke wa tatu na mabinti huhifadhiwa vizuri na sheria kuliko na desturi. Tangu mafuta ya petroli yalipogunduliwa mwaka 2012 katika kisima cha Ngamia 1 upande wa Lokichar, na tangu Lodwar kuwa makao ya Serikali ya Kaunti mwaka 2013, thamani ya kiwanja imepanda, na walio na haki ndogo hujaribu kuzisogeza mbele upesi. Hilo ndilo linalofanya shauri hili kuwa la haraka.

Huko Kakuma kuna kisa kingine cha nyumba na wenyewe, nacho ni cha kusikitisha kwa namna yake. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, walipofika maelfu ya vijana wa Sudan waliokuwa wametembea kwa miguu kutoka Ethiopia. Wengi hawakuwa na wazazi pamoja nao. Walijenga vibanda vya matofali ya udongo, na makuti ya mkoma waliyoezekea waliletewa na wanawake wa Kiturkana kichwani ili kuuza. Kwa hiyo hata hapo mkono wa mama wa Kiturkana umo katika nyumba. Mwaka 2000 na 2001 zaidi ya 3,000 kati ya vijana hao walichukuliwa kwenda kukaa Marekani. Nyumba zao hazikurithiwa na mwana wala ndugu. Waliingia wengine waliofika nyuma yao, kutoka Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na Sudan yenyewe. Na hao nao walipopata safari, wakaingia wengine. Chumba kimoja cha udongo chaweza kuwa kimesikia lugha nne au tano katika miaka thelathini.

Kwa kanuni, nyumba ya kambini mwenyewe akiondoka hurudi mikononi mwa wasimamizi wapate kumpa mwingine asiye na mahali, maana ardhi si ya mkimbizi. Lakini mtu aliyeongeza chumba, akapanda mwarobaini, akatia mlango wa bati, huona uchungu kukiacha bure. Mara nyingi humwachia jamaa, au huuza mlango na mabati kabla ya kupanda gari. Mwaka 2015 Kaunti, pamoja na wenyeji, ilitenga kiasi cha hektari 1,500 huko Kalobeyei kwa makazi ya namna nyingine, ambayo wakimbizi na Waturkana wangeyatumia pamoja, na huko baadaye jamaa zilipewa fedha zijijengee nyumba za kudumu zenyewe. Nyumba hizo zina ukuta mgumu kuliko akai. Swali la nani ataipokea baada ya mwenyewe halijawa gumu kama ukuta. Na Waturkana waliotoa ardhi wana swali lao pia: Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka kila jamii iandikishe wanachama wake na ardhi yake, na mama aliyezoea kuhamisha nyumba kwa punda sharti ahakikishe kuwa jina lake limo katika daftari, wala si la mumewe pekee.

Tukirudi kwa jamaa yetu ya mfano kule Lodwar, yako mambo ambayo yangaliweza kufanywa, na ambayo kila mwenye kiwanja aweza kuyafanya angali hai. Aweza kuandika wasia. Aweza kuandikisha kiwanja kwa jina lake pamoja na la mke aliyetoa mbuzi. Asipofanya hivyo, jamaa yake bado wana njia. Mahakama haikatazi warithi kupatana. Wakikaa chini ya mti na wazee wao, wakakubaliana kwamba nyumba ibaki kwa mke wa tatu mpaka watoto wakue, na kwamba mke wa pili alipwe mbuzi kadhaa kutoka mazizi yote, mapatano hayo huandikwa, warithi wote wakatia sahihi au kidole, na jaji au hakimu aweza kuyathibitisha. Hapo desturi na sheria hukaa katika kikao kimoja. Lakini warithi wote maana yake ni wote, pamoja na mabinti walioolewa Lokichoggio na Kerio.

Kazi huanzia kwa chifu. Yeye ndiye atoaye barua ya kuwatambulisha warithi, ambayo mahakama huitegemea. Ombi la kusimamia mirathi likiisha kuwasilishwa, hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Kenya, na mwenye pingamizi hupewa siku 30 za kulileta. Gazeti hilo huwafikia watu wachache sana katika nchi ya malisho. Kwa hiyo wazee wa baadhi ya jamaa wamefanya vema kumwomba chifu asome tangazo barazani, kwa Kiturkana, siku ya soko, na kumtuma kijana kwenye awi zilizo mbali. Na chifu anapoandika majina, si vyema kumwuliza mwana mkubwa peke yake. Na aulizwe kila mama aliye hai, nyumba kwa nyumba, awataje watoto wake kwa mdomo wake, waliosoma na wasiosoma, walioko mjini na walioko na ngamia mpakani. Maana jina lililoachwa siku hiyo hurejea mahakamani baada ya miaka, likidai kiwanja ambacho kimekwisha kuuzwa.